Mnafuata Nini Huko Juu

"Munaendaka kufata nini kule yulu?"

Aliyeuliza alikuwa Mama Divine, msusi kutoka Bukavu. Tulipanga naye nyumba moja La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, yeye na binti yake chumba cha mbele, Mama na sisi wawili chumba cha nyuma, jiko na bafu vya wote. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mteja wake wa kwanza alikuwa tayari ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, nami nilikuwa mlangoni nikimfunga mdogo wangu Landry kamba za viatu. Nililifikiria swali lake kwa dhati. Kuni hatukuwahi kushuka nazo. Maji tuliyapandisha wenyewe kutoka chini. Kanisa letu lilikuwa bondeni, karibu na kituo cha mafuta.

"Sijui," nikasema.

"Unaona?" akamwambia mteja. "Hata mwenyewe hajui. Bale Bachina batawatia hawa batoto wazimu."

Wiki iliyopita mwenzangu wa kazini aliketi meza ya jirani, akatoa tango kwenye mkoba na kulivunja kwa mikono, bila kisu. Siamini sana habari za harufu zinazowarudisha watu utotoni. Nadhani watu huzisimulia kwa sababu zinasimulika vizuri. Lakini harufu ile mbichi ya maji na majani ilinifikia kabla sijainua macho kutoka kwenye kompyuta, na kwa muda vidole vyangu vikawa na baridi ya asubuhi ya Juni. Nikaanza kuwaza juu ya kile kilima, na nikaona kwamba sasa swali la Mama Divine ninaweza kulijibu.

Mama alifanya kazi kwa Mama Jun, mwanamke wa Kichina aliyekuwa na duka la blanketi, viatu na maua ya plastiki mtaa wa pili kutoka kwetu. Alimlea Jun, mtoto wa pekee wa tajiri wake huyo na mumewe, aliyelingana na Landry: miaka minne, labda na nusu. Jumamosi na siku za likizo tulikwenda naye kazini, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kutuachia isipokuwa Mama Divine, na mikono ya Mama Divine ilikuwa kichwani mwa watu kutwa nzima. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilijihesabu miongoni mwa wafanyakazi.

Babu yake Jun alifika kutoka China mwanzoni mwa baridi. Jun alimwita Gonggong, sisi tukamwita Babu Gong. Walimweka kwenye kiti kirefu mlangoni mwa duka, kazi yake ikiwa kuangalia mikono ya wateja, na huko ndiko alikojifunza maneno matatu yaliyomtosha kwa maisha yake yote ya Johannesburg: hamba, sharp na eish. Hamba ni nenda. Sharp ilikuwa sawa, asante na kwaheri. Eish aliitumia kwa mambo mengine yote yaliyobaki duniani.

Siku moja alishuka kwenye kiti, akaja uani tulipokuwa tukicheza, akaminya shavu la mguu wa Jun, kisha la Landry, kama mtu anayechagua maparachichi sokoni. Akasema jambo kwa Kichina. Mama Jun, aliyekuwa anapita na boksi la viatu, alicheka akatutafsiria kwa Kiingereza chake cha haraka: "Anasema hii si miguu. Ni mkate wa dukani."

Jumamosi iliyofuata tulipandishwa nyuma ya gari la mizigo la Baba Jun, ambaye alikuwa anakwenda kununua bidhaa kwa jumla, akatushusha chini ya kilima kilichoko kusini ya mitaa yetu. Alipokuwa anarudi alitupitia. Ikawa hivyo kila Jumamosi.

Ni kilima kidogo. Nimerudi huko nikiwa mtu mzima ili nihakikishe: mawe, mishubiri, njia nyembamba ya udongo mwekundu, na juu kabisa mnara wa simu uliozungushiwa waya. Majira ya baridi nyasi zake huwa zimeungua, kwa hiyo soksi zetu zilikuwa nyeusi hadi magotini kabla hatujafika popote. Ukisimama juu na kuangalia kaskazini unaona vilima vya njano vya mchanga wa migodi, na nyuma yake maghorofa ya mjini, na lile ghorofa refu la duara lililoko Berea, ambako tuliishi kabla sijaanza shule. Mara nyingi tuliwakuta waumini wenye mavazi meupe, wamevua viatu kwenye ubaridi ule, wanaomba kwa sauti. Hao niliwaelewa. Walimfuata Mungu.

Babu Gong sikumwelewa. Alivaa koti la suti juu ya suruali ya michezo, akabeba mgongoni begi lenye themosi ya maji ya moto na matango matatu au manne. Alitupanga mstari: yeye mbele, Jun, Landry, halafu mimi nyuma kabisa. Wakati wa kupanda hakutaka tuongee. Tukisimama kupumzika alitupa maji ya moto, yasiyo na majani ya chai wala sukari, yenye ladha ya bati. Kisha alivunja tango kwenye goti lake na kutugawia. Huku tukila, yeye alijipiga makofi mikononi, mapajani na kiunoni, pa, pa, pa, uso ukiwa mkavu kabisa. Kileleni alisimama ameelekea mjini, akajaza kifua, akatoa ukelele mmoja mrefu usio na maneno, halafu akanyamaza kana kwamba anasubiri kujibiwa. Wale wa mavazi meupe waliacha kuomba na kumtazama. Na wakati wa kushuka, jambo lililonisumbua kuliko yote, alishuka kinyumenyume. Mikono nyuma, uso umetuelekea sisi na kilele, akipapasa njia kwa visigino.

Leo najua kwamba wazee wengi wa kwao hufanya hivyo asubuhi: hupiga makofi ili damu itembee, hupiga ukelele ili mapafu yafunguke, hutembea kinyumenyume kwa ajili ya magoti na mgongo. Sijui kama inasaidia. Nimesoma kidogo na sikushawishika. Wakati ule hakuna aliyenieleza, na mimi sikuwa mtoto wa kukaa bila maelezo, kwa hiyo nilijitengenezea ya kwangu.

Miezi michache kabla ya hapo kulikuwa na majuma ambayo wageni walifukuzwa katika mitaa mingi ya jiji. Kwetu wafukuzaji hawakufika, ila tulilala kwa muda kwenye ukumbi wa kanisa, na tuliporudi nyumbani Mama hakulifungua tena begi la bluu. Lilikaa nyuma ya mlango likiwa limefungwa zipu. Ndani mlikuwa na sweta langu zuri. Nikilihitaji, nilivaa lingine.

Na kulikuwa na hadithi ya jiwe. Mama aliisimulia kila Landry alipogoma kutembea barabarani. Alipokuwa mdogo, watu wa kwao walikimbia Burundi kwa miguu, mlima baada ya mlima, kuelekea Tanzania. Watu wazima walitangulia na mizigo na wazee, watoto wakafuata kwa kundi lao. Mtoto mmoja alikaa juu ya jiwe akasema hatembei tena.

"Halafu?"

"Halafu wakaenda."

"Wakamwacha?"

"Wakaenda, Ange. Nyoosha mguu, twende."

Nilimbana kwa maswali, kwa sababu hadithi isiyo na mambo ya kutosha niliihesabu kuwa uongo. Alikuwa na umri gani? Kama Landry. Alivaa nini? Gauni la njano la dada yake, refu mno, limekunjwa na kufungwa kamba kiunoni. Alilia? Hapana, jiwe lilikuwa na joto, lilikuwa limekaa juani kutwa, na mtoto alilipenda lile joto. Chini yake walikuwamo siafu, ila hakuwaona mapema. Mama alijibu yote bila kusita, kwa sauti anayotumia kumweleza mtu kituo cha kushukia. Nilipomaliza kumhoji nilimjua yule mtoto hadi fundo la kamba. Jina lake halikunijia kuuliza.

Kwa hiyo mzee mgeni alipoanza kutupandisha kilimani kila wiki, kimya, kwa mstari, mimi niliona jambo moja tu. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupanda mlima bila kufukuzwa. Alishuka kinyumenyume ili awaone wanaokuja nyuma yetu. Alipiga ukelele ili ajue kama kuna wengine waliojificha. Maji hayakuwa na sukari kwa sababu huko tuendako sukari haitakuwapo. Wachina nao walikuwa wageni wenye duka, na bila shaka walikuwa na habari ambazo sisi hatukuwa nazo. Tulikuwa tunafanyishwa mazoezi.

Sikuogopa kwa ajili yangu. Mimi niliweza kupanda. Jun aliweza, ingawa kwa kulalamika. Aliyebaki nyuma kila mara alikuwa Landry, ambaye alisimama kuangalia kila jiwe, kila kinyesi cha mnyama, kila kanga aliyekimbia kwenye majani. Njia yangu ya kufikiri ilikuwa nyepesi: kuna mtoto mmoja atakayekaa juu ya jiwe, na kwetu mtoto huyo anajulikana tayari.

Nikaanza kumfundisha. Jioni nilimpandisha na kumshusha ngazi za nje za nyumba ya jirani, nikamkataza kukaa.

"You're not my teacher," Landry akasema. Kiswahili alikisikia chote, ila alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa mtaani kwetu.

"Utaachwa."

"Fine. I'll stay with Mama Divine."

"Akae na mimi, kwa nini asikae?" Mama Divine akaitikia kutoka dirishani. "Wewe Ange, umekuwa polisi? Mwache mutoto apumuzike!"

Nilimuuliza Mama pia, tukiwa tunakula ugali kwa dagaa.

"Mama, Babu Gong anajua nini?"

"Anajua kuuza blanketi."

"Hapana. Anatufundisha nini?"

"Kutembea. Kula, chakula kinapoa."

Hakuniangalia aliposema hivyo. Leo ningesema alikuwa amechoka. Wakati ule nilijua kwamba watu wazima wasipokuangalia ndipo wanapokwambia jambo kubwa.

Kisha Jun akaanguka. Haikuwa ajali ya maana, alijikwaruza kidevu, lakini Mama Jun aliamua kwamba babu mmoja kwa watoto watatu hatoshi, akamwambia Mama aende nasi Jumamosi inayofuata. Mama hakutaka. Alisema nguo za kufua ni nyingi, akasema viatu vyake havifai. Nilimsikia jikoni akimwambia Mama Divine, "Milima niliyoipanda inanitosha." Lakini ilikuwa kazi, na kazi yake ndiyo iliyolipa chumba, shule na kila kilichokuwa sahanini. Akaja.

Nilidhani tutamsubiri. Badala yake alitupita wote mwanzoni kabisa, akiwa na viatu vyake vya kanisani na kitenge kiunoni. Alitembea akiwa ameinama kidogo, macho chini, hatua fupifupi zisizobadilika, bila kugeuka kuangalia mji. Babu Gong alimtazama akasema "Eish" kwa heshima kubwa. Mama aliendelea tu, akapotelea juu kwenye mawe.

Katikati ya njia Landry aliketi.

Lilikuwa jiwe bapa, la kawaida, pembeni kidogo. Alikaa, akanyoosha miguu, akasema kwa utulivu kwamba amemaliza.

"Hamba, hamba," Babu Gong akamwambia.

"No."

"Hamba!"

"No, thank you."

Babu Gong aliwaza kidogo. Kisha akanikonyeza, akampungia Landry mkono, bai, bai, akamshika Jun kwa mkono wa kulia na mimi kwa wa kushoto, akatuongoza juu hadi nyuma ya mwamba ambako Landry asingeweza kutuona. Hapo akasimama, akaweka kidole midomoni. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Nadhani hakuna babu duniani asiyejua mchezo huo, wala mtoto asiyewahi kuchezewa. Mimi niliona kwamba siku yenyewe imefika. Mkono wake ulikuwa mkavu na wenye nguvu, nami niliuvuta wangu, nikapiga kelele kwa nguvu zote: "Mama! Wanamwacha Landry! Mama, amekaa juu ya jiwe!"

Sikuwahi kumwona mama yangu akikimbia. Hata majuma yale ya ukumbi wa kanisa alitembea. Alishuka kutoka juu kati ya mishubiri, kitenge kikiwa mkononi, akatupita bila kutuona, kiatu kimoja kikabaki njiani. Babu Gong akatoka nyuma ya mwamba kumweleza, akitabasamu, vidole vikionyesha mchezo ulivyokuwa. Mama akageuka akamfokea. Alimfokea kwa Kirundi, baba wa tajiri wake, mbele ya mjukuu, kwa maneno ambayo mimi mwenyewe sikuyajua yote. Wale wa mavazi meupe kule juu walinyamaza. Kisha akamfikia Landry, akamwinua, akakaa yeye juu ya jiwe, akampakata.

Landry ndiye pekee ambaye hakuona tatizo. Alikuwa anachambua mbegu za nyasi kwenye soksi zake. "Hi, Mama," akasema.

Mama hakuinuka. Nilimwambia twende, tutachelewa gari, hakuinuka. Nilimwokotea kiatu, nikamvalisha. Niliona aibu, nikafikiri amechoka, nikafikiri kwamba alikwenda haraka mno mwanzoni kama watu wasiojua milima. Mikono yake ilikuwa imezunguka tumbo la Landry, naye Mama alikuwa anaangalia chini ya jiwe, upande huu, kisha upande ule.

Babu Gong alirudi polepole. Alivua kofia. Alisimama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyosimama kwa kawaida mbele ya mfanyakazi wa binti yake, halafu akaketi kwenye majivu ya nyasi na koti lake la suti, akafungua begi, akavunja tango gotini. Kipande kikubwa akampa Mama. Mama hakukipokea. Mzee hakuurudisha mkono. Mwishowe Mama alikipokea akala, taratibu, mpaka kikaisha, na mzee naye akala chake, na hakuna aliyesema sharp wala eish.

Kileleni hatukufika siku hiyo. Tulipokuwa tunashuka, Babu Gong hakutembea kinyumenyume. Alitutanguliza wote, akaja mwisho, nyuma ya Landry.

Garini Mama alisema kwa sauti ya chini, "Kazi imekwisha." Jumapili hakwenda kanisani. Alilifungua begi la bluu, akatoa kila kilichokuwa ndani, akakunja upya na kurudisha. Mama Divine alipika maharage yake akatuletea bila kuuliza, jambo ambalo si la kawaida yake.

Jumatatu Mama alikwenda dukani kama kawaida, kwa sababu hakuna aliyemwambia asiende. Mama Jun alikuwa anafungua mapazia ya chuma. "Baba amesema unatembea kama mtu wa milimani," akamwambia. "Amesema kama wao." Baada ya hapo alimwomba asogeze mabunda ya blanketi, na habari ikaishia hapo. Nilimsubiri Mama jioni mlangoni na begi la bluu mgongoni. Alinipita akaenda kuwasha jiko.

Mwisho wa baridi Babu Gong alirudi China, akaondoka na Jun. Hapo ndipo tulipoambiwa. Nyumba yao ya kijijini ilikuwa juu ya mlima, gari haifiki, kuna ngazi za mawe tu. Mtoto angelelewa huko na babu hadi aanze shule, kama wafanyavyo wengi wenye maduka ambao hawana muda wa mtoto, na babu alikuwa amekuja kumchukua na kumwandaa miguu. Landry na mimi tuliongezwa ili Jun asichoke peke yake. Kwa hiyo nilikuwa nimepatia nusu. Yalikuwa mazoezi, na kuna mtoto aliyekuwa anaandaliwa kuondoka. Nilikosea mtoto tu. Mama Jun alikaa kwenye kile kiti kirefu siku nyingi, na sidhani kama aliangalia mikono ya mtu.

Sasa ningemjibu Mama Divine kwamba tulifuata miguu. Lakini alihamia Cape Town zamani, na nadhani angecheka tena.

Landry alipomaliza shule ya sekondari, dada yake Mama alikuja kututembelea kutoka Kigoma. Ndiye mkubwa wao. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimezoea kuuliza vyanzo vya kila kitu, na siku moja tukiwa tunamenya viazi uani nilimuuliza swali nililolisahau nilipokuwa na miaka tisa.

"Mama mkubwa, yule mtoto aliyeachwa kwenye jiwe aliitwa nani?"

"Mtoto gani?"

"Wa gauni la njano."

Aliendelea kumenya. Alisema gauni lile lilikuwa lake yeye, na kamba alimfunga yeye mwenyewe. Alisema walikuwa wamechoka, na mdogo wake alikuwa mbishi, akakaa. Naye akawaambia wenzake waende wajifiche nyuma ya miti, atawafuata, watoto wote hufuata. Ndipo watu wengi wakatokea kwenye njia ile wakikimbia, na kundi likasukumwa mbele pamoja nao mpaka ng'ambo ya mto. Siku zilipita kabla hawajamkuta kambini, mgongoni mwa mwanamke wasiyemjua, miguu imevimba kwa siafu.

"Spesi hakufuata," akasema mama mkubwa, na Spesi ni jina la mama yangu.